Je, kuna haja ya kutambua spishi na nususpishi za mikobakteria wa mapafu wasio wa kifua kikuu?

Tabibu Kijana

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Majibu ya maabara ninayopokea kuhusu mikobakteria hawa, yaani bakteria ndugu wa yule wa kifua kikuu, huishia kwenye jina la kundi, yaani "kundi la Mycobacterium avium" au "kundi la Mycobacterium abscessus", na baadhi ya wenzangu wanaona hilo linatosha kwa kuwa dawa za kuanzia hazibadiliki sana. Naomba wenye uzoefu wanieleweshe: je, bakteria hawa walio ndugu wa karibu hivi humwathiri mgonjwa kwa namna tofauti, na je, tofauti hiyo hubadili uamuzi wa daktari?

Daktari wa Kifua

Kwa kundi la M. abscessus hubadili kila kitu, na ningependa usikubali jibu linaloishia kwenye jina la kundi. Lina nususpishi tatu, yaani matawi ya spishi moja: abscessus, massiliense na bolletii. Kwa dalili na picha za CT ni vigumu kuzitenganisha, lakini zikikutana na dawa za jamii ya makrolaidi, yaani azithromaisini na klarithromaisini, hutengana kabisa. Nususpishi abscessus na bolletii kwa kawaida zina jeni iitwayo erm(41) inayofanya kazi, ambayo huamshwa na dawa yenyewe na kuleta usugu mgonjwa akiwa tayari ameanza matibabu. Kwa massiliense jeni hiyo ina pengo kubwa na haifanyi kazi, hivyo makrolaidi hubaki kuwa nguzo ya tiba. Ndiyo maana wagonjwa wa massiliense huwa na nafasi kubwa zaidi ya makohozi yao kutoota tena bakteria yakipandwa maabara, ilhali wenzao wa nususpishi abscessus huhitaji mchanganyiko mzito wa dawa, zikiwemo za sindano kama amikasini, na bado wengi hawaponi. Mgonjwa anayekabiliwa na miezi mingi ya sindano ana haki ya kujua mapema yuko upande upi.

Fundi wa Maabara

Naongeza jambo ambalo husahaulika. Kipimo cha maabara cha kuona kama klarithromaisini inamweza bakteria kikisomwa siku ya tatu au ya tano, bakteria mwenye erm(41) hai anaweza kuonekana anauawa na dawa; akiachwa hadi siku ya 14, usugu hujitokeza. Daktari aulize kipimo kilisomwa siku gani. Aidha, si kila nususpishi abscessus ni sugu kwa njia hiyo, kwani wapo wenye badiliko moja katika jeni hiyo, liitwalo C28, linaloizima. Na hata massiliense anaweza kupata usugu wa kudumu kupitia mabadiliko katika jeni ya rrl, hasa makrolaidi ikitumiwa bila dawa nyingine za kutosha kuisindikiza.

Tabibu Kijana

Nashukuru sana, Daktari, nawe Fundi. Na kwa kundi la M. avium je?

Daktari wa Kifua

Hapo tofauti kati ya spishi za kundi hilo, zikiwemo M. avium mwenyewe, M. intracellulare na M. chimaera, ni za kiwango. Wagonjwa wa M. intracellulare, kwa wastani, hufika wakiwa wamekonda zaidi, wakiwa na matundu kwenye mapafu mara nyingi zaidi, na matokeo yao ya tiba huwa duni kuliko ya wagonjwa wa M. avium. M. chimaera, aliyetambuliwa kuwa spishi ya pekee mwaka 2004, huelekea kuwa mpole mapafuni, ingawa amesababisha maambukizi makali mwilini kupitia mashine za kupasha na kupoza maji katika upasuaji wa moyo. Hata hivyo dawa ni zile zile: makrolaidi, ethambutoli na rifampisini, hadi angalau miezi 12 tangu makohozi yalipoacha kuota bakteria. Kinachoamua kama dawa zitolewe kila siku au mara tatu kwa wiki ni uwepo wa matundu, si jina la spishi.

Fundi wa Maabara

Ni sawa kabisa, na ni vyema kujua kuwa baadhi ya vipimo vya kawaida humtaja M. chimaera kama M. intracellulare. Mimi hushauri tuhifadhi sampuli iliyoota kabla ya tiba. Ugonjwa ukirudi, kulinganisha jeni za bakteria wa zamani na wa sasa huonyesha kama ni yule yule aliyebaki au ni maambukizi mapya, jambo ambalo hutokea mara nyingi kwa wagonjwa wenye vinundu na mirija ya mapafu iliyotanuka.