Datsun 240Z: natoa pointi naweka distributa ya elektroniki, ballast itoke au ibaki?

mlio_wa_L24
Habari wakuu. Gari ni 240Z ya 1972, injini L24, bado lina pointi (swichi ya kimakanika inayokata moto wa koili) na kondensa. Nimepata distributa ya 280ZX yenye moduli ya E12-80 (swichi ya elektroniki inayofanya kazi ya pointi) ubavuni, pamoja na bamba lake la chini. Koili iliyopo inasoma omu 1.5, ballast (kizuizi cha mkondo) ya kauri iliyo pembeni yake omu 1.6. Ballast itoke au ibaki? Koili hii itafaa? Na mshale wa RPM utaendelea kusoma? Fundi mmoja anasema nifunge rilei nichukue moto moja kwa moja kwenye betri, mwingine anasema nisithubutu.

spana_kumi
Mkuu, ballast ipo kwa ajili ya pointi. Piga hesabu: 1.5 + 1.6 ni omu 3.1, volti 13.5 gawanya kwa 3.1 unapata ampea 4.4 hivi. Zikizidi sana hapo, nyuso za pointi zinaungua. E12-80 haina nyuso za kuungua, inataka koili ya ukinzani mdogo na volti kamili. Koili ya ZX yenyewe husoma kati ya omu 0.84 na 1.02. Ukiiacha ballast, gari litawaka na mjini litatembea vizuri tu, ila ukivuta mpaka RPM za juu linaanza kumisi, kwa sababu muda wa kujaza koili umekuwa mfupi na mkondo umebanwa.

Kwa hiyo ballast itoke. Koili yako ya 1.5 itawasha gari, lakini tafuta ya ZX au inayolingana nayo.

Kwenye waya ndipo wengi wanapokwama. Usiamini rangi, gari la miaka 50 limeshapita mikono mingi. Toa waya zote kwenye ballast na kwenye koili, chukua multimita. Kuna waya unaoleta moto swichi ikiwa ON, na kuna mwingine unaoleta moto wakati wa kupiga starta. Zote mbili ziunganishwe pamoja, ziende kwenye positivu ya koili. Ukisahau ule wa ON, injini itashika ukipiga starta na kuzima pale pale unapoachia ufunguo. Ukisahau ule wa starta, itazunguka tu bila kushika, au itashika ile sekunde unayoachia. Dalili hizo mbili zikitokea, usianze kulaumu moduli.

Kutoka kwenye distributa: B inaenda positivu ya koili, C inaenda negativu. Ukizigeuza umeua moduli.

umeme_wa_zamani
Naongezea hapo. Moduli inapata ethi kupitia bodi ya distributa, kwa skrubu zake mbili. Ifungue, safisha inapokalia kwa msasa laini, paka ule ute mweupe wa kupitisha joto (wa prosesa za kompyuta unafaa), rudisha. Bodi nayo ikae chuma kwa chuma na bamba lake, si juu ya rangi. Moduli nyingi zinazosemwa "zimekufa gari likipata moto" zilikuwa zimekaushiwa ute huo, au ethi imeoza.

Kuhusu rilei: mshale wa RPM wa 240Z unasoma mkondo, yaani moto wa koili unapita kwanza nyuma ya mita ndipo unaenda mbele. Ukichukua moto wa koili kwenye betri kwa rilei, mkondo hauipitii tena mita, na mshale unalala sifuri. Kama volti kwenye koili iko chini ya ile ya betri kwa zaidi ya nusu volti hivi injini ikiwaka, safisha soketi za waya na swichi yenyewe kwanza.

Waya za plagi ziwe zile za kuzuia mawimbi. Za shaba tupu zinasumbua moduli, na redio pia. Plagi BP6ES, pengo lake ukitumia pointi lilikuwa 0.8 hadi 0.9 mm, sasa unaweza kwenda 1.0 mpaka 1.1.

mlio_wa_L24
Asanteni, nimeelewa. Taimingi (wakati wa cheche) niweke digrii 5 kama kitabu cha gari kinavyosema?

spana_kumi
Hapana! Hiyo 5 ni ya distributa ya zamani na mkunjo wake. Fungua ya ZX, chini ya bamba la juu utaona namba imepigwa, nyingi ni 8.5. Hizo ni digrii ambazo distributa inaongeza RPM zikipanda, kwenye krenki zidisha mara mbili: 17. Ukianza na 5, mwisho wake ni 22, gari zito na linachemka. Anza na 17, jumla 34 kwenye RPM 3,000 hivi, mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa na kuzibwa. Likigonga ukipanda mlima kwa gia ya juu, rudisha digrii mbili mbili.

Kabla ya hapo hakikisha alama ya puli. Mpira wa ndani ya puli ukizeeka, ringi ya nje inahama na taa ya taimingi inakudanganya. Toa plagi namba 1 (ya upande wa rejeta), ingiza kijiti, zungusha krenki kwa mkono uone pistoni iko juu kweli alama ikisoma sifuri.

Pengo la rota ya chuma na meno yake 0.3 hadi 0.5 mm, pima kwa fila geji ya shaba, ya chuma inanaswa na sumaku. Mpangilio wa kuwasha silinda 1-5-3-6-2-4, rota inazunguka kinyume cha saa. Distributa ikigota kabla hujafika 17, anayepaswa kulaumiwa ni aliyefunga pampu ya oili: ule mhimili umeingia jino moja pembeni.

kabureta_mbili
Mimi natofautiana kidogo. Kama distributa ya zamani haina mchezo kwenye shafti, kifaa cha Ignitor (cha elektroniki, kinachokaa mahali pa pointi) ndani yake kinatosha, ila hicho kwa silinda sita kinataka omu 3 kwa jumla, hivyo hapo ballast inabaki kwenye koili na waya mwekundu unachukua volti kamili kabla ya ballast. Usiache swichi ON injini imezima, kinaungua.

Kwa E12-80, tatizo ni kwamba inakufa bila kuaga, wakati pointi zinakupa dalili mapema. Gari hili lilishinda mbio za Safari Rally 1971 na 1973, kwa hiyo najua hutaliacha gereji. Distributa ya pointi, ballast na koili yake viwekwe kwenye mfuko mmoja kwenye buti, na bisibisi.