Kindle au karatasi? Niko Amu na ukungu unanimalizia riwaya zangu

Bint_Mkomani

Salaam aleikum wadau. Mimi ni mpenzi wa riwaya za kisayansi, zile za roboti, safari za sayari na dunia ya kesho, na niko hapa Amu mjini, kisiwani Lamu. Nimedunduliza pesa mpaka zimefika za kununua Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, lakini moyo unasita. Naomba mnishauri kabla hazijaliwa na shughuli za harusi, maana msimu ndio huo unakuja.

Hali yenyewe ni hii. Vitabu nikiagiza Nairobi vinakuja na basi hadi Mokowe, vinavushwa kwa boti, halafu napigiwa simu niende gatini. Hilo nimelizoea. Kinachoniumiza ni kwamba riwaya mpya hutoka kwanza na jalada gumu, elfu tatu na ushei kabla ya nauli ya parseli. Ile ya jalada laini husubiriwa mwaka mzima hivi. Ikifika, watu mitandaoni washaijadili wakaimaliza, na mimi nishajua nani kafa.

La pili ni ukungu. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, na vitabu nimevipanga kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, palipokuwa na sahani za bibi. Masika haya nimevuta kimoja, jalada la nyuma likabaki limegandana na chokaa ya ukuta. Kurasa zimeota madoa ya kahawia na harufu yake, astaghfirullah.

Mtasema basi nunua Kindle umalize. Lakini vitabu vyangu si vyangu peke yangu. Tuko kikundi, wengine Langoni, wengine Shela, mmoja Matondoni, na kitabu kimoja kinatuzunguka sote. Ukurasa wa mwisho tunaandika majina kwa penseli ili ijulikane nani anafuata, na pembeni kila mtu anaandika anachokisia. Kuna aliyeandika mapema kabisa kwenye riwaya moja: "Huyu daktari ni roboti." Wa pili akamjibu chini yake: "Roboti gani analia msibani?" Wa tatu akachora punda. Nikinunua Kindle, mimi nitasoma. Hawa wenzangu watasoma nini?

Ninachokitaka sasa hivi ni Death of the Author cha Nnedi Okorafor, kilichotoka Januari 2025. Ni habari ya mwandishi anayetumia kiti cha magurudumu, mwenye asili ya Naijeria, anayeandika riwaya ya roboti waliobaki duniani baada ya binadamu, na sura za riwaya hiyo zinaingia katikati ya maisha yake mwenyewe. Kwenye simu ningekipata yeo hii hii. Nikichukue hivyo au nisubiri karatasi?

Chumvi_Nyingi

Mimi ndiye nilochora punda. Usinunue.

Fundi_wa_Skrini

Dada, kwanza tutenganishe mambo, maana watu wanatia Kindle, tableti na simu kwenye kapu moja. Simu inakumulika machoni. Kioo cha Kindle ya kawaida kina vidonge vidogo sana, na ndani yake mna chembe nyeupe na nyeusi. Umeme unazivuta juu au chini, zikishakaa zinabaki pale pale bila kuhitaji umeme tena mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo sababu chaji inakaa wiki kadhaa, na kwa vile chembe hazikumuliki bali zinarudisha mwanga wa nje, unasoma barazani jua la saa saba bila kukunja uso. Kwa mji wetu ambao stima hukatika inavyotaka, hilo si jambo dogo.

Sasa bahari. Paperwhite, aina mojawapo ya Kindle, tangu toleo la 2018 inastahimili maji. Lakini soma yale maandishi madogo: maji yasiyo na chumvi ni mita 2 kwa dakika 60, maji ya bahari ni robo mita kwa dakika 3. Ikiponyoka mkononi ukivuka Mokowe, kina cha pale hakitakusubiri. Ikirukiwa na mawimbi tu, isuuze kwa maji ya mfereji, iache ikauke kabisa ndipo uichaji.

Na usidhani ukimbiapo ukungu umeikimbia na chumvi. Mimi natengeneza simu, na kila wiki naletewa zenye tundu la chaji limeota kutu ya kijani kwa hewa ya hapa tu, haijaanguka popote. Ichomeke kwa waya ikiwa kavu, mkono ukiwa mkavu, na usiilaze dirishani upande wa pwani. Karatasi inaoza polepole na unaiona ikioza. Kifaa kinakufa siku moja kikiwa na vitabu vyote ndani. Vitabu utavirudisha ukipata kifaa kingine, pesa ya kifaa huirudishi.

Telegramu_Bure

Mnajisumbua. Hicho kitabu ninacho PDF, njoo faragha nikutumie, tena uwarushie na wenzako wote.

Wakili_Asiye_na_Kesi

@Telegramu_Bure umeamka vibaya. Mwafrika mwenzako ameandika, unataka asile? Halafu PDF kwenye kioo kidogo cha Kindle herufi zinakuwa sisimizi, kila ukurasa unausukuma kulia na kushoto. Hata wizi wenyewe hauna raha.

Dada Bint_Mkomani, swali lako la kuazimana ndilo lenye uzito, na hakuna aliyeligusa. Ukinunua kitabu cha karatasi umenunua kitu. Ukimpa mtu, kwisha. Ukinunua kwenye duka la Kindle umepewa ruhusa ya kusoma, na ruhusa ina masharti. Julai 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za wateja wa Marekani ikafuta nakala za 1984 cha George Orwell, riwaya ya serikali inayompeleleza kila mtu na kufuta maandishi, kwa sababu aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza. Watu walirudishiwa pesa, lakini walilala na kitabu wakaamka hawana. Kati ya riwaya zote duniani, ikatokea kwa hiyo. Na tangu 26 Februari 2025 ile njia ya kushusha vitabu ulivyonunua hadi kwenye kompyuta, ukavihamisha kwa waya, imeondolewa.

Sisi wa riwaya za kisayansi tumebahatika kidogo. Tor, ambao ni wachapishaji wakubwa wa aina hii, waliondoa kufuli za kidijitali, zile zinazozuia kunakili, kwenye vitabu vyao 2012. Riwaya fupi iitwayo Binti, ya huyo huyo Okorafor, iliyoshinda tuzo ya Hugo 2016, ilitoka kwao. Faili ya namna hiyo ukiinunua unaitunza mwenyewe, na siku hizi Kindle inapokea faili za vitabu za aina ya EPUB ukizituma kwa barua pepe. Lakini kutokuwa na kufuli si kutokuwa na mwenyewe. Hairuhusiwi kuwagawia watu wa Langoni na Shela nakala.

Jambo jingine litakalokukera: haki za kuuza hugawanywa kwa nchi, na Kenya mara nyingi tunawekwa upande wa Uingereza. Kwa hiyo utaona kitabu kinasifiwa Marekani, ukibonyeza unaambiwa hakipatikani kwenu. Tafuta toleo la Uingereza, huwa na jalada tofauti.

Mzee_wa_Ngomeni

Wajukuu zangu, hamjambo. Mimi niko huku Malindi na nawasoma kwa simu yenye herufi kubwa kama mabango ya kampeni. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuhamia Kindle, msitafute nyingine. Macho yamechoka. Riwaya zinazochapwa siku hizi kwa jalada laini zina maandishi ya kumchosha kijana, sembuse mimi. Kwenye Kindle natanua herufi mpaka ukurasa unabeba mistari michache, nasoma bila miwani. Binti yangu, kama kwenye kikundi chenu kuna mzazi aliyeacha kusoma, muulize kama ni moyo uliochoka au ni macho.

Halafu nimeona mahali mtu anaandika kwamba riwaya hizi ni mambo ya Wazungu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa mbele ya Ngomeni. Chombo cha Wamarekani, warushaji Waitaliano, na kwa vile siku ile ilikuwa sikukuu yetu kikaitwa Uhuru. Kilikuwa cha kwanza duniani kutumwa mahsusi kutafuta miali ya eksirei angani. Mimi nilikuwa wa skuli. Wavuvi waliambiwa wakae mbali, na sisi watoto ndipo tukataka kukaribia. Tangu hapo ukiniletea hadithi ya roketi siulizi bei.

Kwa hiyo nakushauri usitupe karatasi, hasa kwa vitabu vya kwetu. Riwaya nyingi za Kiswahili bado ziko kwenye karatasi tu. Walenisi ya Katama Mkangi, mtu wa pwani hii hii, ilitoka 1995: mtu anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha angani kimpeleke akafe, naye anakiongoza mpaka anafika kwenye jamii nyingine. Nakala yangu nimeifunga kwa kitambaa, iko kabatini. Hiyo siisomi kwenye Kindle.

Chumvi_Nyingi

Mzee Mashallah. Hiyo Walenisi unaazima?

Mzee_wa_Ngomeni

Naazima kwa mtu ninayemjua babake.

Mama_Chokaa

Mwanangu, mimi nitakujibu la ukungu, haya ya mitambo waachie wenyewe. Nyumba ya mawe ya matumbawe hunywa maji. Inayanywa masika na inayatoa polepole kiangazi, ukiiacha ipumue. Sasa niambie, huo ukuta wa zidaka umepigwa saruji au rangi ya mafuta siku za karibuni? Kwa sababu wengi mui huu wanafanya hivyo wakidhani wanazuia unyevu, kumbe wanaufungia ndani, nao hutokea pale penye upenyo. Ukuta wa chokaa unarekebishwa kwa chokaa.

Zidaka za ukuta wa nje usiweke kitabu. Za ukuta wa kati, weka kibao nyuma yake, vitabu visiguse ukuta, na usivibananishe. Usivitie kwenye mfuko wa plastiki, utakuwa umevifunga pamoja na unyevu wao. Vilivyokwisha ota, vitoe nje pasipo upepo mkali, ujifunge kitambaa puani, upanguse kwa brashi laini iliyo kavu. Uviache kivulini na hewa, visimame wima huku kurasa zimeachana. Juani usianike, jalada litapinda na wino utafifia. Vile vijifuko vyeupe vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, vinanyonya unyevu, viweke kashani pamoja na vitabu unavyovipenda sana. Na kila mwezi vitoe uvipepee. Kitabu kinachosomwa na watu wengi hakioti ukungu haraka, hicho kikundi chenu chenyewe ni dawa.

Bint_Mkomani

Mama, kama vile ulikuwa nyumbani kwetu. Ukuta wa nje, na mjomba kaupiga saruji mwaka jana. Nitamwambia, ingawa hatanisikia.

Wadau wengine nimewasoma wote. Wazo lililonijia ni hili: ninunue Kindle, halafu badala ya kitabu tuzungushe Kindle yenyewe. Mtu anakaa nayo wiki, anampa anayefuata. Mnaonaje?

Chumvi_Nyingi

Naona nitakubonyezea "nunua" usiku wa manane na M-Pesa yako itaimba mpaka asubuhi. Ile kitu kwenye Kindle ni mguso mmoja.

Fundi_wa_Skrini

Hapo @Chumvi_Nyingi kasema kweli kwa mara ya kwanza. Ukilipia kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, inavuta kwenye salio lako moja kwa moja. Kabla hujaitoa Kindle mkononi, iweke kwenye hali ya ndege, na uiwekee namba ya siri ya wazazi inayofunga duka. Vitabu vilivyokwisha shuka vinasomeka bila intaneti. Lakini mimi nisingeizungusha. Kitabu cha elfu tatu kikianguka kwenye mtaro mtanuna wiki. Kifaa cha elfu ishirini kikianguka, kikundi kimevunjika.

Roboti_wa_Matondoni

Mimi ndiye wa mwisho kwenye foleni kila mara kwa sababu ya umbali, kwa hiyo nisikilizwe. Kitabu kikinifikia nakuta kina maandishi ya wote. Nasoma riwaya na nasoma nyinyi mnavyogombana pembeni. Daktari alikuwa roboti, kwa taarifa ya aliyebisha. Kwenye Kindle ningesoma riwaya tu. Dada anunue Kindle yake, ni pesa yake, asome mapya yakitoka na atuambie lipi linafaa. Hilo linalofaa tuchange, tununue karatasi moja ya jalada laini likitoka. Tulikuwa tukimwachia yeye gharama yote na hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo mpaka alipotaka kuacha.

Bint_Mkomani

Roboti umesema nilichoshindwa kukisema.

Basi Kindle nanunua, ya mtumba nikipata nzuri, ili na changu kibaki. Lakini Death of the Author siichukui humo. Hiyo nataka iwe ya penseli. Anayetaka jina lake kwenye ukurasa wa mwisho atume mchango wake kabla ya Ijumaa, nitaagiza wiki ijayo, na foleni safari hii inaanzia Matondoni.

Chumvi_Nyingi

Pingamizi. Tangu lini?

Roboti_wa_Matondoni

Nimeshatuma. Angalia simu.