Tupeane uzoefu: mama au bibi aliyekula chumvi nyingi, unamkumbuka kwa lipi?

Habari zenu wakuu. Mama yetu katutoka, alikuwa ameshavuka 90, kaacha watoto, wajukuu, vitukuu na kilembwe. Kila anayekuja kutupa pole anasema mshukuruni Mungu kala chumvi nyingi, na kweli tunashukuru, ila naona watu wanadhani aliyefiwa na mzee basi alie kidogo, mi sikubali, huyu ndo mtu niliyekuwa naye tangu navuta pumzi ya kwanza mpaka na mimi nimekuwa na mvi. Sasa kilichonifanya niandike ni ule wasifu. Kazaliwa mwaka fulani, kaolewa, kaacha watoto kadhaa, ukasomwa ukaisha na mimi nimekaa pale nawaza mbona huyu siye mama. Hakuna palipoandikwa kwamba akitaka kukutuma alikuwa anapitia majina ya nyumba nzima ndo afike kwako. Naomba tuletee vitu kama hivyo, vile ambavyo haviingii kwenye wasifu.

Kitinda mimba:
Pole sana mkuu. Hilo la majina limenichekesha, mi ndo wa mwisho kwahiyo mama alikuwa anaanza na kaka mkubwa anashuka nao wote, mbwa naye anatajwa, alafu anamalizia "we hapo, si unajua nakuita wewe!" Na ole wako usiitike.

Mjukuu mtundu:
Bibi yetu mwaka wa kuzaliwa alikuwa haujui. Tukamuuliza vita vya pili vinaisha 1945 ulikuwa mkubwa kiasi gani, akasema nilikuwa nambeba mdogo wangu mgongoni na nilishaanza kumchoka. Basi tukapiga hesabu kwa huyo mdogo mtu. Wajomba wanabisha mpaka leo, kuna mmoja anadai bibi alifika 120.

Mzee wa data:
@Mjukuu mtundu hiyo 120 mwambie anko apunguze kidogo 😂 Binadamu aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa ushahidi wa karatasi ni Jeanne Calment wa Ufaransa, kazaliwa Februari 1875 kafariki Agosti 1997, miaka 122 na siku 164. Na huyo pamoja na kumbukumbu zake zote za kuzaliwa na sensa bado kuna watu wamembishia. Ila bibi kuchoka kubeba mtoto mwaka 1945 hiyo naiamini kuliko cheti.

Mjukuu mtundu:
Umeniua 😂 nitamfikishia.

Somo wa bibi:
Mi wangu alipata ugonjwa wa kusahau. Ilianza kidogo kidogo, anauliza kitu umemjibu sasa hivi anauliza tena, baadae akawa hanijui kabisa, ananiita jina la dada yake aliyefariki zamani. Daktari alituelezea kwamba mara nyingi yanayotangulia kufutika ni ya karibuni, ya utotoni na ujanani ndo yanadumu, na tusishindane nae. Basi nikaitika tu. Aisee nyie, nikiwa "dada" nilihadithiwa mambo ambayo hakuna mjukuu angeambiwa! Kumbe kabla ya babu kulikuwa na mwingine, na alikuwa anatoka usiku kwa dirishani, huyuhuyu bibi aliyetunyima kwenda kucheza magharibi ikiingia. Mama yangu alikuwa anatoka chumbani kwa aibu mi nasogeza kiti. Jina langu hakulitaja tena mpaka anaondoka, iliniuma na bado inauma, lakini ule upande wake ningeujulia wapi?

Mama wawili:
Bibi yetu hakuwa anasikia vizuri ila ukimsema vibaya chumba cha pili anasikia 😂 Kwa wenye wazee bado wapo, msiwapigie kelele, masikio ya uzeeni yanapoteza kwanza sauti nyembamba ndo mana watoto hawawasikii. Kaa mbele yake akuone mdomo, tumia sauti nzito, ongea taratibu.

Mleta mada:
Asanteni sana jamani, nimecheka leo. @Somo wa bibi yani umebarikiwa. Mwenzenu nimepata kaseti kabatini kwa mama, juu kaandika kwa mkono wake "watoto", naogopa kuiweka kwenye redio isije ikaliwa. Kuna anayejua?

Mzee wa data:
Usiijaribu kwenye redio yoyote iliyokaa muda mrefu. Tafuta deki nzima, safisha kichwa chake (kile kichuma kinachogusa utepe) kwa pamba na spiriti na uache kikauke, ijaribu kwanza na kaseti usiyoijali. Alafu chukua waya, unganisha kutoka tundu la hedifoni la deki mpaka sehemu ya kurekodia ya kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure, rekodi pande zote mbili mara moja tu ndo uanze kusikiliza kopi. Na utepe ukilegea usivute, zungusha kwa kalamu kama zamani.