Wadau wa kuku: fundi anataka kuegemeza banda kwenye fensi, nimruhusu?

BintiChanika

Habari za jioni wadau. Nipo Chanika, nimehamia kwangu mwaka jana, na nyuma ya nyumba kuna eneo limekaa tu linaota majani. Kutoka ukuta wa jiko hadi fensi ni mita 5, urefu mita 11. Nataka kufuga chotara 100, Kuroiler au Sasso, mitetea nibaki nayo kwa mayai na majogoo niyauze sikukuu.

Leo fundi kaja, kapima kwa hatua, kachora chini kwa kijiti: mita 4 kwa 3, banda liegemee fensi ya kusini ili ukuta wa fensi ndio uwe ukuta wetu wa nyuma, tuokoe tofali. Pande nyingine tatu kozi tatu za tofali za inchi 6, juu wavu wa kuku, paa la mgongo mmoja linalomwaga maji upande wa fensi ili mbele ya jiko kusilowe. Bati nimeshanunua.

Naomba kujua: ukubwa unatosha? Kuegemeza fensi kuna shida? Na sakafu, mume wangu anasema udongo unatosha, saruji ni kujitia hasara. Fundi anataka kuanza Jumatatu, kwa hiyo anayejua anijibu mapema.

Mzee wa Pumba

Binti, mwambie fundi Jumatatu apumzike.

Nimefuga Kibaha miaka mingi, na banda langu la kwanza liliegemea ukuta hivyo hivyo. Sisi wa ukanda huu upepo wetu ni wa aina mbili, kusi na kaskazi. Masika ikikolea kusi ndiyo inayovuma, na fensi yako imesimama upande huohuo wa kusini. Ukiziba hapo, hewa inaingia mbele inakosa pa kutokea. Maranda yanabaki na unyevu, ukiinama kuokota yai macho yanachoma. Ukishasikia hiyo harufu, jua kuku wako ambao pua zao ziko chini muda wote wameisikia wiki nzima kabla yako. Halafu unaanza kununua dawa za mafua, mafua hayaishi, unamlaumu aliyekuuzia vifaranga.

Mimi huwa nasema usimjengee kuku, yajengee mavi yake. Kuku mwenyewe atalala hata juu ya mwembe.

Kuhusu idadi: mita 4 kwa 3 ni mita mraba 12. Kuku 100 humo ni wanane kwa mita moja. Kama wanashinda nje na kuingia kulala tu, sawa. Ila kwa eneo lako watashinda ndani, na chotara mkubwa anayeshinda ndani weka wanne, sanasana watano. Hapo ni kuku 50.

Mchokonozi

Kuku 50 mjini na wezi wa Desemba? Dada unawafugia vijana wa mtaa.

MamaVifaranga

Huyo mpuuze ila kufuli weka mbili.

Dada, nakuongezea alilosema Mzee, maana suala la idadi watu wanalipima kwa banda wakati linapimwa kwa mfuko wa chakula. Chotara mkubwa anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 12. Mfuko wa kilo 50 unaisha siku ya tano haijafika jioni. Kuku 50 mfuko huo unakufikisha siku ya nane. Piga hesabu ya miezi mitano ya mwanzo ambayo hujaona yai hata moja, uone kama mshahara unatosha. Mimi nilianza na 200 kwa mbwembwe, mwezi wa nne nikawa nauza mitetea ambayo ilikuwa imebakiza wiki chache itage. Aliyeinunua alifaidi. Nilimpita siku moja kwake nikakuta trei zimepangwa mpaka mlangoni, nikarudi nyumbani sisemi na mtu.

Halafu hayo maji ya bati unayapeleka kwa nani? Nyuma ya fensi kuna jirani, siyo mto. Kuku wenyewe anaweza kuwavumilia, harufu akavumilia, ila siku maji ya paa lako yakimdondokea kwenye ukuta wake mtafikishana kwa mtendaji wa mtaa. Ungempitia hata kabla hujamwaga mchanga, na kuku wakitaga mayai ya kwanza umpelekee.

BintiChanika

Asanteni, nimecheka na nimeogopa kwa pamoja. Mzee wangu shikamoo. Sasa nikilisogeza mbele kutoka kwenye fensi linagusa dirisha la jiko. Mita 5 kutoa 3 inabaki mita 2, nikiacha mita nyuma inabaki mita moja tu mbele. Nifanyeje? Na fundi nimemwambia habari ya kusi, anasema hao wa mtandaoni hawajui gharama.

FundiMpole

Mimi ni fundi, nipo Dodoma, na namtetea mwenzangu kidogo: wateja wengi wakisikia bei ya kuta nne wanaondoka, ndiyo maana anakupa tatu. Hakukuibia. Ila tupige hesabu.

Badilisha umbo. Badala ya 4 kwa 3, jenga mita 6 kwa 2. Eneo ni lilelile, mita mraba 12. Refusha kuelekea mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile kuta fupi, zile ndefu ziwe zinatazama kaskazini na kusini ambako upepo wenu unatoka. Acha mita moja nyuma, mpite na toroli na kusafisha. Mbele zinabaki mita 2. Urefu una mita 11, kwa hiyo lisukume mpaka mwisho wa kiwanja upande usio na dirisha la jiko.

Gharama yake sasa. Mzunguko wa kwake wa kuta tatu ni mita 10, wa kwangu mita 16. Tofali la inchi 18 kwa kozi tatu, tofauti ni tofali kama 40 hivi, na wavu na mbao za hizo mita 6 za ziada. Ndiyo "uokoaji" wote huo. Kuku wawili watatu wakifa kwa mafua, ulichookoa kimeshaondoka.

Mambo ambayo fundi akiachiwa mwenyewe huwa anakosea: bati litokeze nje ya ukuta futi 2 au zaidi kila upande, mvua ya kwenu haidondoki wima. Mgongo umwage maji mbele kwako, chimba mfereji uyapokee. Mlango ufunguke kwa nje. Watu wanacheka nikisema hivi, lakini maranda yakijaa sentimita 10 mlango wa kufungukia ndani haufunguki, utakuwa unauparua kila asubuhi. Na uwe mpana toroli iingie, mrefu uingie bila kuinama. Banda la kuinamia halifagiliwi, huo ndio ukweli wake.

Nguzo zipake oili chafu sehemu inayoingia ardhini, mchwa wa huko Chanika nawasikia sifa zao.

Mwanakilifi

Hujambo dadangu. Huku kwetu Kilifi joto ni lile lile la kwenu, na bati tupu adhuhuri huwatesa kuku, utawaona wamefungua midomo na mabawa wameyaachanisha. Mimi juu ya bati nimetandika makuti. Kuna mtu ataniambia makuti hufuga panya, na ni kweli, lakini yakiwa juu ya bati panya haingii ndani, hukaa nje na shida zake. Acha pia uwazi kati ya ukuta na bati ili joto lipate kutoka.

Kwa wavu, usikubali ule mwembamba wa matundu ya pembe sita peke yake. Ule humzuia kuku asitoke, haumzuii kicheche asiingie. Nilipoteza kumi na mmoja usiku mmoja, hakula hata mmoja akamaliza, ni kuuma tu shingo na kuacha. Chini, futi 2 za kwanza, weka ule mgumu wa kuanikia kahawa. Juu waweza kuendelea na mwembamba.

BintiChanika

Kumi na mmoja! Pole sana kaka.

Hiyo ya 6 kwa 2 imenikaa. Nimechukua kamba nikaenda nyuma usiku huu na tochi ya simu, kweli inaingia. Mume wangu bado anang'ang'ania sakafu ya udongo, kasema kuku wa bibi yake walikaa juu ya udongo na hawakufa.

MamaVifaranga

Kuku wa bibi yake walikuwa kumi na mbili na walikuwa wanashinda shambani, shemeji. Wako 50 watashinda palepale. Udongo unakunywa kinyesi, ukija ugonjwa wa kuhara damu huutoi, maana udongo huwezi kuusugua wala kuusafisha. Weka zege jembamba lenye mteremko kidogo kuelekea mlangoni, juu maranda. Ukikosa maranda, pumba za mpunga zinafaa. Penye chombo cha maji geuza kila siku, hapo ndipo palipoloana na ndipo hiyo kuhara damu (koksidiosi) inapoanzia.

Ndani ni vitu vichache. Fito za kulalia, sentimita 20 kwa kuku, kwa hiyo 50 unahitaji jumla ya mita 10, zote kimo kimoja, la sivyo watagombania ya juu kila magharibi. Viota kimoja kwa mitetea watano, vikae penye giza na chini kuliko fito, vikizidi fito watalala humo na mayai yatajaa kinyesi.

Mzee wa Pumba

Kabla watu hawajamaliza kwa wavu na zege: kideri, ugonjwa wa Newcastle. Unaweza kuwa na banda la ghorofa, kideri ikaingia kwa kiatu cha mgeni ukaamka na kuku watatu kati ya hamsini. Tafuta chanjo ya I-2, ile inayovumilia joto, kwetu Kibaha ndiko inakotengenezwa. Tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu, maisha yao yote. Andika tarehe kwenye ukuta wa banda kwa mkaa, usitegemee kichwa. Na ndui pia wachanje, mbu wa masika ndio wanaoisambaza.

Vifaranga nunua waliofikisha mwezi na waliochanjwa kama ni mara yako ya kwanza. Ghali kidogo, ila hutakesha na jiko la mkaa, na jiko la mkaa kwenye chumba kilichozibwa limeua vifaranga wengi na wafugaji pia.

BintiChanika (wiki tisa baadaye)

Wadau nimerudi. Banda limekamilika, 6 kwa 2, mita moja kutoka kwenye fensi. Fundi alinuna siku mbili, ya tatu akaanza kusema wazo lilikuwa lake. Jirani nilimpitia kama MamaVifaranga alivyosema, akanipa mabanzi aliyobakiza kwenye ujenzi wake, ndiyo niliyotengenezea viota.

Kuku nilichukua 50 wa mwezi mmoja, wapo 47. Wawili walikuja wamechoka kutoka kwa muuzaji, hawakumaliza juma. Mmoja alijinyonga kwenye kamba ya chombo cha chakula, sijui hata alifanyaje. Wiki iliyopita mvua ilishuka usiku kucha na upepo, nikatoka alfajiri na kanga kichwani nikijua nitakuta bwawa. Maranda makavu, isipokuwa pembe moja ambapo fundi bati alilitokeza futi moja badala ya mbili. Nimemwita arudi, simu haipokelewi.

Swali langu lingine: kuna mtetea mmoja kaanza kunyonyoa wenzake manyoya ya mkiani. Wengine wanasema niwakate midomo, mimi roho haitaki.

Mzee wa Pumba

Usikate kwanza. Wafungie mchicha au majani ya kabichi kwa kamba, yaning'inie kimo cha vichwa vyao, wapate cha kudonoa. Huyo mmoja mtenge siku tatu. Na hiyo pembe inayovuja weka kipande cha turubai leo, fundi akipatikana akipatikana.