Yule fundi wenu wa usukani wa boti ASINIPIGIE SIMU TENA

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kwenye boti sasa hivi, nanuka grisi iliyooza, hasira iko hapa kooni. Naandika hivi hivi, atakayeona nimekosea herufi anyamaze.

Yule fundi. Mnamjua, msijifanye. Yule ambaye kila ugonjwa wa boti dawa yake ni nyundo. Injini haiwaki, nyundo. Betri imekufa, nyundo. Nina hakika hata kwake mlango hafungui kwa kitasa.

Usukani wangu umekwama. Sisemi mzito, nasema UMEKWAMA. Kushoto hauendi, kulia hauendi, injini iko kule tezini, nyuma ya boti, imekodolea macho mbele tu. Namwita bwana mkubwa. Anakuja muda anaotaka yeye, haulizi kitu, haangalii kebo, ule waya mnene unaotoka kwenye usukani hadi kwenye injini, hainamii injini. Anagusa usukani kwa vidole viwili, ananitazama mikono, kisha anatamka kwa sauti ya kuwafikia hadi samaki wa kina kirefu:

"Usukani hauna shida. Mikono yako ndiyo laini."

MBELE YA MAMA MKWE.

Mama mkwe ambaye tangu siku ya harusi anaitafuta sentensi hiyo na hakuwa ameipata. Leo kapewa bure, imefungwa na utepe.

Halafu akaanza kazi, kama ile inaitwa kazi. Mtu yeyote aliyewahi hata kuota boti anajua pa kuanzia: unafungua kile kiungo kinachoshikanisha fimbo ya usukani, ile chuma ya mwisho wa kebo, na injini, basi. Ukishakitoa, sukuma injini kwa mkono. Ikigeuka vizuri, injini haina kosa, kilichoganda mara nyingi ni fimbo ya kebo ndani ya bomba lake. Ikigoma, basi ugonjwa uko kwenye shingo ya injini, pale inapogeukia. Spana moja na pumzi mbili, jibu umepata. Yeye? Nyundo. Ngo! Kwenye ncha ya fimbo, juu ya nyuzi za nati, ile mistari ya kufungia. Ngo! Ncha imefura sasa, hata fimbo ikilegea haitapita kwenye bomba, maana kichwa kimekuwa kinene kuliko tundu. Na kila akipiga ananigeukia na kurudia: "Laini." Ngo! "Laini."

Akamaliza kuharibu, akaomba hela ya ushauri. USHAURI! Ushauri gani, nipake nini mikononi?

Baharia wa Nchi Kavu: Pole mkuu. Weka picha ya mikono tuamue.

Mama Wawili: Mama mkwe alisemaje?

Mwenye uzi: Alisema "mh". Basi. "Mh." Leo nitailala na kuiamkia.

Mama Wawili: Kwisha habari yako 😂😂

Grisi Kwanza: Mimi nina swali dogo tu. Hiyo fimbo mara ya mwisho iliona grisi lini? Usukani hauamki asubuhi na kuamua kukwama. Fimbo nyingi zina unene wa inchi 5/8, karibu milimita 16, na bomba limeibana kiasi kwamba nafasi ya uchafu haipo. Maji ya chumvi yakiingia, grisi ya zamani inakauka, kutu inashika, ukiiacha boti bila kutumika ndiyo unaikaribisha kabisa. Kwanza huwa inakuonya: wiki hizi nzito kidogo, wiki zijazo nzito zaidi. Ulikuwa unasubiri barua?

Mwenye uzi: Hoja ya uzi huu ni MIKONO, siyo grisi.

Grisi Kwanza: Sawa. Lini?

Mwenye uzi: Yaani nyundo kwenye nyuzi, mbele ya mkwe, na mimi ndiye wa kuhojiwa!

Baharia wa Nchi Kavu: Hajajibu. Mtu mwenye mikono laini huwa hashiki grisi.

Kisiki cha Mpingo: Muacheni. Huyo fundi na mimi aliniambia nina "mabega ya karani". Usukani ulikuwa mzito, akasema zungusha kwa nguvu zote, mwanaume ni nani. Nikazungusha. Kitu kikalia KRAK ndani ya boksi nyuma ya usukani, gia zimesagika, usukani ukawa unazunguka mwepesi kabisa, raha tupu, ila injini haina habari. Tukawa tunaelekea kwenye miamba naye kakaa omo, mbele ya boti, anakula karanga. Usukani ukigoma HAULAZIMISHWI, jamani. Ile nguvu yote haiendi kwenye kutu, inaishia kwenye gia na kebo.

Mwenye uzi: Karanga??

Kisiki cha Mpingo: Na hakunigawia.

Nahodha Taratibu: Acheni matusi nimsaidie mtu. Bwana mwenye uzi, kwa kuwa ncha imeshafura, chukua tupa, iondoe ile nyama iliyotanuka mpaka fimbo iweze kupita. Fungua nati kubwa inayoshika kebo kwenye bomba. Mwagia mafuta ya kufungulia kutu pande zote mbili za bomba, uende ukalale. Kesho mwagia tena. Haraka ndiyo inayozaa wale wa nyundo. Ikibidi kugonga, weka kipande cha mti mgumu au bolti kuukuu katikati, na ugonge kwa ustaarabu. Ikianza kusogea hata unywele mmoja, irudishe ilikotoka, isogeze tena, mwagia mafuta, nenda rudi. Joto linasaidia pia, la mashine ya hewa moto, siyo moto wa wazi. Hapo una tangi la petroli na mipira yake, usije ukatuletea uzi mwingine kutoka hospitali.

Fimbo ikitoka, bomba lisuguliwe ndani kwa brashi ya waya ya mviringo mpaka kitambaa kitoke safi. Fimbo yenyewe ikiwa na mashimo ya kutu, au ganda la kebo limepasuka au limevimba mahali, usiihurumie. Nunua kebo mpya ya urefu ule ule, kawaida namba yake imeandikwa kwenye ganda. Kutu ya ndani ya kebo haina dawa. Na zile nati zinazojifunga zenyewe usizirudishe za zamani, weka mpya.

Mwenye uzi: Asante mkuu. Wewe ungeniambia mikono yangu laini mbele ya mkwe?

Nahodha Taratibu: Ningekuambia pembeni.

Baharia wa Nchi Kavu: 😂😂😂 uzi ufungwe

Grisi Kwanza: Naongezea, maana wengi mnaumia hapa. Mnapiga grisi kwenye nipeli za bomba, vile vichuchu vya kuingizia grisi, huku fimbo imenyooshwa nje. USIFANYE HIVYO. Geuza usukani mpaka fimbo iingie ndani kabisa, halafu ndipo upige grisi, ile isiyoyeyuka na maji. Ukipiga fimbo ikiwa nje, grisi inajazana nyuma yake na usukani unajifunga wenyewe, halafu mnakuja hapa kulaumu mafundi. Mkiegesha boti pia, fimbo ilale ndani, siyo nje ikila chumvi. Vitabu vingi vya injini vinataja kila saa 100 au mara moja kwa mwaka. Kwenye maji ya chumvi fanya mapema zaidi. Shingo ya injini ina nipeli zake, mnazisahau kila siku.

Kisiki cha Mpingo: Shingo ikishaganda grisi mpya haiingii, inachuruzika pembeni ya nipeli tu.

Grisi Kwanza: Kweli. Pasha shingo joto la wastani, yumbisha injini kwa mkono kushoto kulia huku unapiga, mpaka uone grisi ya zamani inatoka imebadilika rangi. Usiyumbishe kwa kutumia usukani.

Dawa ya Mawimbi: Nyie mna shida ndogo. Mimi nilishahama kebo, nikaweka haidroliki, usukani unaosukumwa na mafuta. Nikamwita HUYO HUYO kuongeza mafuta. Akaniwekea mafuta ya breki ya gari! Sili zote, zile mpira za kuzuia mafuta yasivuje, zimelika nyang'anyang'a, usukani nazungusha hadi kizunguzungu boti haijui. Namuuliza, ananiambia "mafuta ni mafuta".

Mama Wawili: Mafuta ni mafuta 💀

Mwenye uzi: Angalau hakukutukana mikono.

Dawa ya Mawimbi: Kaka, mimi nina hasara ya mfumo mzima, wewe una mikono. Tuheshimiane.

Zege Halilali: Ndiyo maana mimi situmii usukani. Nakaa nyuma nashika mkono wa injini. Hakuna kebo, hakuna fundi, hakuna mkwe.

Grisi Kwanza: Na shingo ikiganda utaugeuza na nini huo mkono?

Zege Halilali: Haigandi. Mimi nina grisi.

Kisiki cha Mpingo: Grisi unayo, pampu ya kuipigia huna. Pampu uliyonayo ni YANGU. Nilikuazima, siku hizi ukiniona unabadilisha njia.

Zege Halilali: Ile nilirudisha.

Kisiki cha Mpingo: Ulirudisha wapi?

Dawa ya Mawimbi: Hata mimi nilimwazima spana ya nati kubwa. Ilirudi na meno yameisha.

Zege Halilali: Spana ilikuwa hivyo hivyo. Na pampu nilirudisha, nilimkabidhi mkeo mlangoni.

Kisiki cha Mpingo: Sina mke.

Zege Halilali: Sasa nilimpa mke wa nani?

Mama Wawili: Anzisheni uzi wenu huo, mimi nakuja na kiti.