Tupeane uzoefu: umewahi kumpokea mtu ambaye wengine wanamkwepa?

Mama Pasiansi: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Jumapili tumefundishwa Yakobo sura ya 2, pale mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri na maskini anaambiwa asimame kule. Tukaitikia amina kwa nguvu, halafu pale getini kijana mmoja mchafu akapitwa kama hayupo. Mistari tunaijua. Leteni matukio, hasa nyie wa kanda ya ziwa.

Mtoto wa Mwaloni: Mimi niko upande wa waliokwepwa. Navua dagaa. Kazi yetu ni usiku wa giza, taa ndiyo inawavuta. Mbalamwezi ikiwa kali hawaji, kwa hiyo tunatua nchi kavu. Ndipo mnatuona mjini, macho yamevimba kwa kukesha, nguo zinanuka hata ufue kwa sabuni gani, mnasema walevi hao. (Wengine ni walevi kweli, sikatai.)

Nikaingia kanisa moja huku Kirumba. Mhudumu wa mlangoni akaninusa kabla hajanisalimia, akasema ndani kumejaa, nikae benchi la nje. Dirishani naona nafasi tele. Bibi mmoja akatoka na kitabu chake cha nyimbo, akakaa karibu yangu bega kwa bega, akanisalimia Kisukuma, "Mwangaluka." Akanionyesha kwa kidole mstari waliofikia, tukaimba. Mhudumu akamfuata: "Bibi, nafasi yako ipo ndani." Akamjibu, "Na ya mgeni?" Tukaingia wote. Mchana nikala michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na maharage kwake. Mpaka leo nikitua na mzigo mzuri, sado moja ni yake.

Nesi wa Zamu: Hiyo ya ulevi imenigusa. Stendi ya Nyegezi, mzee anayumba, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Makonda wanacheka, "mzee kaanza mapema." Mama muuza chai ndiye aliyemkalisha akamuuliza kama amekula. Mzee akagusa mfuko wa shati: kadi ya kliniki ya kisukari. Alijichoma insulini alfajiri, chai akaiahirisha asikose basi. Sukari ikishuka mtu anafanana kabisa na mlevi. Kama anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida au chai yenye sukari nyingi. Kama hawezi, usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali. Yule mzee baada ya muda akaanza kuulizia kofia yake.

Kichwa Ngumu: Amina, ila tusidanganyane. Matapeli wapo. Pale Kigongo enzi za kivuko, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025, kuna jamaa alikuwa anafiwa kila wiki, na kila wiki anaomba nauli.

Mama Pasiansi: Kaka, nauli mkabidhi konda. Mwenye njaa mkalishe kwa mama ntilie. Tapeli ataaga mwenyewe.

Mke wa Magu: Huku vijijini kwetu bibi akiwa na macho mekundu anaitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa hilo. Moshi ule jamani! Miti imekwisha, mtu anapikia kinyesi cha ng'ombe miaka na miaka kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yatabaki meupe vipi? Nilipoolewa nikaonywa nisile kitu kwa jirani yetu mmoja wa namna hiyo. Mama mkwe wangu, mcha Mungu hasa, akawa ananituma kwake makusudi nikamchotee maji, na mtoto mgongoni, mchana kweupe. Watu wakituona tunatoka wazima na mtoto mdomo umejaa karanga, maneno yakapungua. Hayajaisha, nisiseme uongo. Mwaka jana vijana wa kanisa wamemtobolea dirisha jikoni. Analalamika kuku wanaingia.

Kichwa Ngumu: Hapo kwenye dirisha nimekuelewa. Jiko la bibi yangu Misungwi nalo halina. Ni kazi kubwa?

Mke wa Magu: Kama ukuta ni wa tofali mbichi, asubuhi moja inatosha. Ila fundi aweke kizingiti cha juu kwanza, ukuta usije ukamshukia bibi. Na weka wavu, kwa ajili ya hao kuku.