Karamu ya mtaani ya kutawazwa Malkia mwaka 1953: tunawaandalia wazee, mezani kuwe na nini?

MleziWaZamu
Habari zenu wadau. Swali linahusu Uingereza, ila najua humu wapo wengi wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee kule, na wa mambo ya kale pia wapo. Tuna wazee 24, wengi wamezaliwa kati ya 1942 na 1948, yaani walikuwa watoto wa shule Elizabeth II alipotawazwa tarehe 2 Juni 1953. Ukiwauliza siku ile, wengi wanaanza na meza ndefu katikati ya barabara, watoto wa mtaa mzima wamejipanga pande mbili. Tunataka kuwatandikia meza hiyo uani, saa kumi alasiri.

Wazee 6 wako kwenye viti vya magurudumu, 4 wana shida ya kumeza na wanakunywa vinywaji vilivyoongezwa uzito, na wapo Waislamu: wazee 2 na baadhi yetu wafanyakazi. Naomba kujua watoto wale walikula nini hasa, kwa vipimo gani, na ni mambo gani huharibika. Kuna pendekezo la kuku wa kutawazwa, yule wa mayonezi na bizari ya mchuzi. Ni sahihi?

DaftariLaKale
Kuku huyo mwacheni. Ni kazi ya Rosemary Hume na Constance Spry, alipikwa kwa ajili ya wageni rasmi wapatao 350 waliolishwa mchana ule baada ya ibada ya kutawazwa katika kanisa la Westminster Abbey. Mtaani hakufika. Kuku enzi hizo alikuwa wa sikukuu kubwa, na nyama ya buchani ilibaki kwenye mgao wa serikali uliotokana na vita, kila mtu akipewa kiasi maalum, hadi Julai 1954. Mzee akiwekewa sahani hiyo ataila, lakini haimkumbushi meza ya utotoni.

Ukitaka kujua kilichokuwepo mezani, anza na kitabu cha mgao. Chai iliachiwa Oktoba 1952. Pipi na chokoleti ziliachiwa Februari 1953, miezi minne tu kabla ya sherehe, na ndiyo sababu wengi wa rika hilo wanazikumbuka pipi kuliko taji lenyewe. Mayai yalifuata mwezi Machi. Sukari ilibaki kwenye mgao hadi Septemba mwaka huo, na siagi, majarini na jibini hadi Mei 1954. Kwa ajili ya kutawazwa, serikali ilimwongezea kila mtu ratili moja ya sukari (gramu 454) na wakia 4 za majarini (gramu 113). Keki na tati za jamu (vikeki vya unga vyenye jamu katikati) za siku ile zilitoka humo: akina mama waliweka nyongeza zao pamoja, huyu akaoka, yule akatoa mayai.

Kwa hiyo mezani wekeni sandwichi ndogo za pesti ya samaki (samaki aliyesagwa wa kupaka), za yai, za jamu. Jeli nyekundu na ya kijani. Blamonji, yaani maziwa yaliyogandishwa kwa konflawa (wanga wa mahindi). Tati za jamu. Keki yenye sukari nyeupe juu. Na juisi ya machungwa ya kuchanganya na maji. Pembeni ya kila sahani, pipi chache kwenye karatasi iliyosokotwa. Watoto walikaa, watu wazima walisimama nyuma wakihudumu, wao wakala baadaye. Mpangilio huo ni muhimu sawa na chakula: wazee wakae, ninyi msimame.

Fedha zilikusanywa na kamati ya mtaa iliyopita mlango kwa mlango kila wiki, kwa miezi kadhaa, ikichukua pensi chache kwa kila nyumba. Mkitengeneza daftari la michango la kuwaonyesha, andikeni hesabu ya kale: pensi 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni. Sisi tuliokulia na shilingi ya senti 100 ndipo tunapokosea, na mzee ataliona kosa hilo mara moja.

Jambo la mwisho, hali ya hewa. Ilikuwa Jumanne, siku ya mapumziko, baridi na mvua. Karamu nyingi zilikimbizwa ndani ya kumbi za makanisa na madarasa, nyingine zikaahirishwa. Mkinyeshewa mkahamia ukumbini, mtakuwa mmefuata historia ilivyo.

JikoLaPili
Dada Mlezi, mimi nachukua jiko. Vipimo ni vya watu 24.

Sandwichi: mkate wa gramu 800 uliokatwa wastani una vipande kama 20, sandwichi 10, kila moja ikikatwa mara nne unapata robo 40. Hesabu robo 4 kwa mtu, jumla 96, hivyo mikate 3 inatosha na ziada ya kuongezea. Majarini gramu 100 kwa kila mkate. Pesti ya samaki inataka gramu 20 kwa sandwichi, kwa hiyo kichupa cha gramu 75 hakifiki sandwichi 4. Ukiweka nusu ya sandwichi ziwe za pesti, nunua vichupa 4. Kinachoharibu sandwichi ni kingo kukauka na katikati kulowa. Dawa ya yote mawili ni kupaka majarini hadi ukingoni kabisa, kukata ndani ya saa moja kabla ya kula, na kufunika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kikakamuliwa sana.

Nyama ya kopo ilikuwa kwenye meza nyingi, lakini ile ya kawaida ni ya nguruwe. Mkiiweka, iwe na sahani yake, kisu chake na kibao chake cha kukatia, na iwe mwisho wa meza. Mimi ningeiacha kabisa, maana sandwichi za aina tatu zinatosha na huna haja ya kulinda sahani alasiri nzima.

Jeli: pakiti ya gramu 135 hufanya ml 570, mgao wa watu 5. Zinahitajika pakiti 5. Zitengenezwe jana yake. Ikikaa friji saa 4 inashika, ila ikilala usiku kucha inatoka kwenye chombo bila kuraruka. Kabla ya kuigeuza, chovya chombo kwenye maji ya moto kwa sekunde chache tu, ukizidisha nje inayeyuka na maua ya chombo yanapotea. Msiweke nanasi bichi wala papai bichi ndani, vimeng'enya vyake hukatakata jelatini na haitaganda hata ikilala siku mbili. Nanasi la kopo halina shida kwa kuwa limeshapikwa. Jelatini ya madukani kule mara nyingi ni ya nguruwe. Nunueni ya halali, au ya mwani, na iwe hiyo hiyo kwa meza nzima. Hakuna atakayetofautisha, na hakuna atakayetengwa.

Blamonji: maziwa ml 570, konflawa gramu 40, sukari gramu 40, vanila kijiko kimoja cha chai. Inatosha watu 5, zidisha mara tano. Koroga konflawa na sukari kwenye ml 100 za maziwa baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha maziwa yaliyobaki, mimina juu ya mchanganyiko huku unakoroga, rudisha motoni, iache itokote dakika 2 hadi 3 bila kuacha mwiko. Watu huitoa mara tu inapokuwa nzito, na hapo inabaki na ladha ya unga mbichi na kesho yake inatoa maji. Juu yake laza karatasi ya kuokea iliyolowa, iguse kabisa, ili utando usijenge.

Sasa hao wazee 4. Hapa naomba msome polepole. Jeli ya jelatini si chakula salama kwa mtu anayekunywa vinywaji vilivyoongezwa uzito. Ikifika mdomoni inayeyuka na kuwa maji mepesi, na maji mepesi ndiyo yanayomwingia kwenye njia ya hewa. Aiskrimu ni hivyo hivyo. Jeli ya mwani haiyeyuki, lakini inavunjika vipande vinavyoteleza, nayo ni hatari yake nyingine. Mkate wa kawaida pia haufai kwa walio ngazi ya 4, 5 na 6 za vyakula (ngazi za ulaini wa chakula kwa wenye shida ya kumeza; ya 4 ni chakula kilichosagwa laini kabisa), mpaka mtaalamu wa umezaji aruhusu kwa jina la mzee mwenyewe. Blamonji ndiyo itakayowaokoa: ikiwa laini, bila bonge wala utando, mara nyingi hufaa ngazi ya 4. Ipime kwa kijiko: ishike umbo lake kijikoni, na ukikiinamisha iteleze yote kwa pamoja bila kunata. Igandishe kwenye vibakuli vya rangi zile zile kama jeli za wenzao. Orodha ya majina na ngazi zao iwe mkononi mwa mtu mmoja anayesimama mezani muda wote, kwa sababu kwenye karamu wageni hupeana vyakula.

MleziWaZamu
Asanteni sana, nimechapisha ya jikoni na kuibandika ukutani. Bado meza na mapambo. Ua una urefu wa mita 12.

FundiKamba
Meza: mtu wa kiti cha kawaida anataka sm 60 za ukingo, wa kiti cha magurudumu sm 90. Wenu 18 wanachukua mita 10.8 na 6 wanachukua mita 5.4, jumla mita 16.2. Gawanya pande mbili ni mita 8.1. Meza 5 za mita 1.8 zinatoa mita 9, na uani kunabaki mita 1.5 kila mwisho za kugeuzia kiti. Pimeni chini ya meza: viti vingi vya magurudumu vinahitaji nafasi ya sm 70 hivi, na meza za kukunja zina ubao wa chini unaogonga magoti. Zile zenye ubao wa juu zaidi ziwekwe pale watakapokaa hao 6, na wasipangwe wote upande mmoja.

Juu ya meza tandikeni mashuka meupe, wala msitafute vitambaa vya mezani. Mitaani yalikuwa mashuka ya vitandani, na viti vilitoka kila nyumba, hakuna kinachofanana na kingine. Kusanyeni viti kutoka vyumbani na ofisini. Kila mzee akikaa kwenye kiti chake mwenyewe ni bora zaidi, hata kwa usalama wa mgongo.

Vibendera: kata pembetatu zenye upana wa sm 20 na urefu wa sm 25, acha sm 3 za ziada juu za kukunja kwenye kamba. Nafasi kati ya kimoja na kingine sm 10. Kamba ya mita 10, ukiacha nusu mita kila ncha ya kufungia, inabeba vibendera 30. Mpangilio ni nyekundu, nyeupe, buluu. Tumia kamba ya pamba; ya nailoni inateleza na upepo ukija vyote vinakimbilia upande mmoja. Kunja, paka gundi, kisha piga pini moja katikati.

Msitumie karatasi za krepu juu ya meza. Rangi yake inatoka ikilowa, na matone mekundu na ya buluu yakidondoka kwenye mashuka meupe hayatoki. Mvua ya 1953 iliyafanya hayo kwa mapambo na kwa mavazi ya watoto, maana mashindano ya mavazi yalijaa nguo za krepu. Tumia kitambaa, au karatasi nene. Krepu ibaki kwa mataji ya kichwani, ndani ya ukumbi.

Michezo iliyokuwepo ni mbio za magunia, mbio za wawili waliofungwa mguu mmoja, na kukimbia na yai kwenye kijiko. Kwa waliokaa, kijiko chenye kiazi kidogo kinapitishwa kutoka mkono hadi mkono, upande mmoja wa meza ukishindana na mwingine. Chagua kiazi cha mviringo na kijiko cha kupakulia, kile cha chai kinawatoka wenye mikono inayotetemeka.

NesiWaUsiku
Niongeze upande wa kumbukumbu, maana hapo ndipo karamu hizi hushinda au kushindwa.

Usianze na picha za Abbey. Anza na kitu cha mkononi. Watoto wengi walipewa kikombe chenye sura ya Malkia, na vikombe hivyo bado vinapatikana kwa bei ndogo kwenye maduka ya hisani. Viwe vya kushika tu. Chai inyweke kwenye vikombe vya kila siku, kwa kuwa vya zamani vina nyufa ndogo kwenye rangi ya kung'aa. Sarafu ya shilingi 5 ya 1953, yenye Malkia juu ya farasi, ni nzuri pia: ina upana wa karibu mm 39, mtu mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hawezi kuimeza kirahisi.

Maswali yawe ya kujibika. "Unakumbuka siku ile?" humfunga mtu. Uliza: televisheni ilikuwa kwa nani? Ulikaa sakafuni? Mapazia yalifungwa? Zaidi ya watu milioni 20 walitazama siku hiyo, wengi wao kwenye chumba cha jirani, kwenye kioo kidogo cha picha nyeusi na nyeupe. Uliza kuhusu malkia aliyekataa kufunika gari lake la farasi kwenye mvua: huyo ni Salote wa Tonga, na wengi watamtaja wenyewe. Asubuhi hiyo hiyo zilifika pia habari kwamba Hillary na Tenzing wamefika kilele cha Everest.

Wapo watakaochanganya na karamu za Mei 1945 za mwisho wa vita, au za jubilei ya 1977. Akitaja moto mkubwa mtaani na baba aliyekuwa bado jeshini, yuko 1945. Msimsahihishe, mfuateni huko huko aliko.

Si kila mzee atapenda. Wapo wenye asili ya Ireland, wa Karibi, wa Asia. Na kwa wenzetu kutoka Kenya: Juni 1953 nchi ilikuwa kwenye hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na mwezi Aprili Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa Kapenguria kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Mfanyakazi asilazimishwe kupeperusha bendera. Meza ina kazi nyingi za kumpa. Ila mkiwa na Mkenya anayependa kuzungumza, mkalisheni karibu na wazee. Elizabeth alikuwa Treetops, karibu na Nyeri, usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki, na habari alipewa Sagana. Wazee wengi wanaijua sehemu hiyo na watamuuliza.

Muda: dakika 75 zinatosha. Chakula dakika 30, kiazi dakika 15, vikombe na mazungumzo vichukue zilizobaki. Wenye dimenshia huchoka kelele zikizidi, kwa hiyo mwisho mmoja wa meza uwe mbali na spika, na mlezi wao akae hapo hapo tangu mwanzo.

MleziWaZamu
Nimeelewa. Kuku ameondolewa, jeli ni ya halali kwa wote isipokuwa wale 4 watakaopata blamonji, na ukumbi umeshikiliwa ikinyesha. Mtaalamu wa umezaji anapita wiki hii, nitampa orodha ya vyakula vyote aikague kabla hatujanunua chochote.